Muuaji Tunamjua, na Bado Tunatetemeka

Hadithi nyingi za upelelezi zina uhai mmoja. Ukishajua nani kaua, kitabu kinarudi kabatini, na filamu unamwachia mwenzako ambaye hajaiona huku ukimwahidi kwamba hutamharibia utamu. Rear Window ya Alfred Hitchcock, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Agosti 1954, haina utamu wa namna hiyo. Muuaji ni jirani wa ng'ambo ya ua, jina lake Lars Thorwald, mchuuzi wa vito vya bandia, na filamu haijafika nusu ameshashukiwa yeye peke yake. Mshukiwa wa pili hayupo. Hakuna urithi uliofichwa, pacha aliyepotea wala barua ya kale. Mwishoni inathibitika kwamba aliyeshukiwa ndiye. Kwa vipimo vya kawaida vya hadithi za mauaji, hii imepwaya.

Hata hivyo imedumu zaidi ya miaka 70. Wanafunzi wa filamu wanaipasua pande pande darasani, majumba ya sinema hayaachi kuirudisha, na mtu anayeiona kwa mara ya nne bado anajikuta akimwambia Lisa, kwa sauti, atoke kwenye chumba kile. Anajua fika kwamba Lisa atatoka salama. Sasa anamwambia ya nini? Hapo ndipo penye fumbo la filamu hii, na majibu mengi yanayotolewa nayaona yanaligusa pembeni tu.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. L. B. Jefferies, aitwaye Jeff, ambaye ni James Stewart, ni mpiga picha wa magazeti aliyevunjika mguu akipiga picha za mashindano ya magari. Yuko kwenye fleti yake mtaa wa Greenwich Village, New York, wiki ya sita sasa juu ya kiti cha magurudumu, mguu mmoja umefungwa plasta hadi nyonga. Ni msimu wa joto kali, kwa hiyo madirisha ya majirani yako wazi usiku na mchana. Kazi yake Jeff imekuwa moja: kupiga chabo. Usiku mmoja wa mvua anamwona Thorwald akitoka na kurudi, akitoka na kurudi, na sanduku lake la sampuli mkononi. Kulipokucha mke wa Thorwald, mgonjwa wa kitandani, haonekani tena. Wanaomsikiliza Jeff ni wanawake wawili: mpenzi wake Lisa Fremont, ambaye ni Grace Kelly, na Stella, nesi mwenye ulimi mkali aliyeletwa na kampuni ya bima, akiigizwa na Thelma Ritter. Rafiki yake Doyle, mpelelezi wa polisi, anakuja, anauliza maswali mawili matatu, anakunywa kinywaji chake na kwenda zake. Hasadiki.

Chimbuko la kisa hiki ni hadithi fupi ya Cornell Woolrich iliyochapishwa mwaka 1942 kwenye jarida la bei ya chini la hadithi za upelelezi, kwa jina It Had to Be Murder. Kuna tofauti moja kati ya hadithi na filamu ambayo kwangu mimi inaeleza karibu kila kitu. Katika hadithi ya Woolrich, msimulizi amekaa dirishani tangu mwanzo na msomaji haambiwi kwa nini hainuki. Mwishoni kabisa ndipo daktari anakuja kuondoa plasta, na msomaji anashtuka: kumbe mtu huyu alikuwa na mguu uliovunjika! Woolrich aliuweka mguu ule akiba kwa ajili ya mshtuko wa mwisho. Hitchcock na mwandishi wake wa mswada, John Michael Hayes, waliutoa akibani wakauweka kwenye dakika za mwanzo.

Tazama wanavyouweka. Mapazia ya mianzi yanapanda. Kamera inazunguka ua: paka anapita kwenye ngazi, mtu ananyoa ndevu huku redio ikimpigia kelele, mume na mke waliolala kwenye baraza ya chuma ya ngazi za dharura kwa sababu ya joto wanaamka. Inarudi ndani, kwenye paji la uso la Stewart lililojaa jasho, kisha kwenye kipimajoto: nyuzi 94 za Fahrenheit, yaani zaidi ya 34 za Selsiasi. Inashuka kwenye plasta iliyoandikwa maneno ya utani, kama ya kaburini. Inapita kwenye kamera iliyosagika. Inapanda ukutani kwenye picha ya gari la mashindano likiruka kuelekea mpigaji, tairi limechomoka hewani. Inaendelea hadi kwenye negativu ya uso wa mwanamke ndani ya fremu, na pembeni yake rundo la majarida yenye uso uleule kwenye jalada. Hakuna aliyefungua mdomo, na tumeshajua kazi ya mtu huyu, hatari anazozipenda, ajali ilivyotokea, na kwamba kuna mwanamke ambaye kwanza amemwona kinyume. Waandishi wengi wangetumia kurasa tatu za mazungumzo kufikisha hayo.

Faida ya kuuhamisha mguu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mshtuko wa Woolrich unadumu sekunde tano. Mguu ambao mtazamaji anaujua tangu mwanzo unafanya kazi kwa saa nzima na zaidi, kwa sababu kila kinachotokea ng'ambo kinapimwa kwa huo: Jeff hawezi kushuka, hawezi kukimbia, hawezi hata kujificha vizuri. Na sisi tulioketi mbele ya skrini tuko hivyohivyo. Tumewekwa kitini, tumepewa macho, tumenyimwa mikono. Sijui filamu nyingine ambayo hali ya mhusika wake mkuu inalingana na hali ya mtazamaji kwa kiasi hiki. Anayemwambia Lisa atoke anafanya kile ambacho Jeff mwenyewe anakifanya sekunde hiyohiyo, na kwa sababu ileile: hana kingine cha kufanya. Kujua mwisho hakumpunguzii unyonge huo hata chembe.

Hitchcock alikuwa na nadharia yake kuhusu mambo haya, na aliieleza kwa kirefu katika mahojiano na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut ya mwaka 1962, yaliyotoka kama kitabu mwaka 1966. Watu wawili wanazungumza mezani, ghafla bomu linalipuka: mtazamaji kashtuka sekunde kadhaa, basi. Lakini mwonyeshe mtazamaji bomu chini ya meza, mwonyeshe na saa ukutani, halafu waache wale wawili waendelee kuzungumzia upuuzi. Sasa dakika kumi na tano nzima ni mateso. Huo ndio mpaka wake kati ya mshtuko na taharuki, na wasomaji wetu wanaujua kwa njia ya vitabu. Ukisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, unamfuata mpelelezi Bwana Msa nyuma nyuma ukingoja akufunulie alichokwisha kukijua. Yeye anajua, wewe hujui. Katika taharuki ya Hitchcock mambo yamegeuzwa: wewe unajua, na ujuzi wako haukusaidii.

Nadharia hiyo hurudiwa kila mahali, hata imeanza kuchosha. Kinachonivutia zaidi ni namna Rear Window inavyoigeuza. Alfajiri ya usiku ule wa mvua Jeff amesinzia. Kamera inamwacha usingizini na kutuonyesha Thorwald akitoka na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Jeff hakuona. Sisi tumeona. Kwa mujibu wa bomu na meza, kujua zaidi ya mhusika kungetuongezea hofu. Hapa kunatuongezea shaka. Doyle anapokuja na habari kwamba kuna walioshuhudia mke wa Thorwald akiondoka asubuhi kwenda kupanda treni, sisi tunasema moyoni: ndiyo, hata sisi tulimwona. Jeff ameanza kuchanganyikiwa kwa kukaa ndani. Baadaye tu ndipo inaeleweka kwamba yule mwanamke hakuwa mke. Yaani Hitchcock ametupa ushahidi wa ziada, wa macho yetu wenyewe, na ushahidi ule umetupotosha. Kwa filamu nzima inayohusu kuamini unachokiona, hiyo ni hila ya kikatili.

Kuna jingine linalotajwa kila filamu hii inapotajwa, nalo ni jengo. Ua mzima ulijengwa ndani ya studio ya Paramount huko Hollywood, fleti 31, baadhi zikiwa na fanicha kamili. Sakafu ya studio ilichimbwa ili ua uwe chini na fleti ya Jeff ikae kwenye usawa wa sakafu ya kawaida. Taa ziliweza kubadilisha asubuhi kuwa machweo na machweo kuwa usiku kwa kubonyeza swichi. Kwa kuwa kamera ilikaa upande wa Jeff, waigizaji wa madirisha ya mbali walivaa vipokea sauti vidogo masikioni, na Hitchcock akawaelekeza kwa redio. Alikuwa ameshafanya mazoezi ya kujifungia: Lifeboat ya mwaka 1944 yote iko ndani ya mashua moja, na Rope ya mwaka 1948 yote iko ndani ya fleti moja. Zote mbili zinavutia kama majaribio, ingawa Rope kwangu mimi ina ukavu wa mtu anayejionyesha. Katika Rear Window kujifungia kumepata sababu. Kamera haitoki kwa Jeff kwa kuwa Jeff hawezi kutoka.

Na inapotoka, inatoka kwa maana. Usiku mmoja mbwa wa wale wanaolala nje anakutwa ameuawa. Siku za nyuma alikuwa akichakura kwenye bustani ya maua ya Thorwald. Mwenye mbwa anapiga mayowe kutoka juu, analaumu ua mzima: hakuna kati yenu anayejua maana ya ujirani. Kila mtu anakuja dirishani au barazani. Kwa mara ya kwanza kamera inaingia uani na kuwatazama watu hawa kwa karibu, kutoka chini, kana kwamba hatimaye wamekuwa binadamu badala ya kuwa picha za mbali. Halafu Jeff anabaini kwamba kuna mmoja tu ambaye hakuja kuangalia. Dirisha la Thorwald ni giza tupu. Ndani ya giza, nukta nyekundu ya sigara inawaka, inafifia, inawaka tena. Mtu amekaa, anavuta, anasikiliza. Sijaona ushahidi wa hatia uliowekwa kwa gharama ndogo kuliko huo.

Sauti nayo imefanyiwa kazi ya ajabu ambayo watazamaji wengi hawaitambui. Ukiacha mwanzo, Franz Waxman, mtunzi wa muziki wa filamu hii, hakuachiwa nafasi ya kutupigia vinanda vya kututisha. Tunachosikia ni kile ambacho ua unatoa: redio ya jirani, honi za mbali, watoto, mtu akifanya mazoezi ya kuimba, na mtunzi wa muziki kwenye fleti yake ya juu anayehangaika kutafuta wimbo wake siku baada ya siku. (Ni kwa mtunzi huyo ambako Hitchcock mwenyewe anaonekana kwa kitambo, akitia ufunguo saa ya mezani.) Filamu za leo za kutisha zinatuambia kwa muziki ni lini tuogope. Hapa hakuna wa kutuambia. Mwanamke anaweza kuwa anakufa dirisha moja huku dirisha la pili wanacheza dansi.

Nyota je? Wapo wanaosema watu wanairudia filamu hii kwa ajili ya Grace Kelly, na siwalaumu. Anapoingia mara ya kwanza, uso wake unakuja taratibu kumbusu Stewart aliyelala, halafu anawasha taa tatu moja baada ya nyingine huku akijitaja jina. Wakati huo alikuwa na miaka 24. Mwaka mmoja hivi kabla ya hapo alikuwa huku kwetu Afrika Mashariki akiigiza Mogambo ya John Ford pamoja na Clark Gable na Ava Gardner, filamu iliyopigwa kwa sehemu Kenya na Tanganyika wakati Kenya iko chini ya Hali ya Hatari. Miaka miwili baada ya Rear Window aliolewa Monaco na kuacha kuigiza. Lakini uzuri peke yake haudumishi filamu. Kuna filamu kibao za miaka ya 1950 zenye sura nzuri na magauni mazuri ambazo leo hazitazamiki.

Kilicho muhimu kuhusu Lisa ni kile anachofanya, na hapa nina ugomvi mdogo na uchambuzi unaoheshimika sana. Mwaka 1975 Laura Mulvey, msomi wa Uingereza, aliandika insha iliyobadilisha somo zima la filamu. Hoja yake ni kwamba sinema ya Hollywood inampa mwanamume kazi ya kutazama na mwanamke kazi ya kutazamwa, na Rear Window ni mfano wake mmojawapo: Jeff hamjali Lisa akiwa chumbani mwake, anaanza kumtamani anapovuka ua na kuwa picha ndani ya lenzi. Hilo la lenzi ni kweli, na uso wa Stewart unalithibitisha. Ila hebu tujiulize nani anayetatua kesi. Jeff ana darubini na lenzi ndefu ya kamera, na anachopata ni picha tu: kisu kikubwa, msumeno, sanduku lililofungwa kamba. Ni Lisa anayesema kwamba mwanamke hasafiri akaacha mkoba wake anaoupenda ukining'inia nyumbani, wala hatupi pete yake ya ndoa mkobani pamoja na vito vingine. Ni Stella anayefikiria, bila haya, mwili ulivyokatwakatwa na ulivyotolewa. Mwanamume anaona, wanawake wanaelewa. Na anayehatarisha shingo yake si yule aliyekuwa akijivunia kwenda vitani na kamera.

Tuje sasa kwenye tukio lenyewe, kwa sababu nguvu zote za filamu zimekusanyika hapo. Jeff amempigia Thorwald simu ili kumtoa nyumbani. Lisa anapanda ngazi za dharura, anaruka, anaingia kwa dirisha. Jeff na Stella wanamwangalia akipekua. Halafu macho yao yanateremka kwenye fleti ya chini, kwa mwanamke mpweke waliyempa jina la Miss Lonelyhearts, ambaye amejipangia vidonge mezani na inaelekea atavimeza vyote. Jeff anashika simu kuita polisi kwa ajili yake. Muziki wa yule mtunzi, ambao hatimaye umekamilika, unapanda kutoka juu. Mwanamke anaacha vidonge, anasikiliza. Tunashusha pumzi. Na wakati tunashusha pumzi, Thorwald yuko kwenye korido.

Hapo kuna ufundi na kuna hukumu. Tulikuwa tunatazama dirisha lisilo sahihi, kwa nia njema kabisa, na Lisa amelipia. Thorwald anamkamata, taa inazimika, Lisa anapiga kelele akimwita Jeff, na Jeff anajipindapinda kitini akishindwa hata kutazama. Uso wa Stewart hapo hauna ushujaa wowote. Polisi wanafika. Lisa anasimama akiupa mgongo ua na, kwa kidole, anaonyesha nyuma yake pete ya mke wa Thorwald aliyoivaa. Ni ishara kwa Jeff, na ni ishara ya ushindi. Thorwald anaona kidole. Anajiuliza kinaonyeshwa kwa nani. Anainua macho polepole, anavuka ua kwa macho, anatutazama sisi usoni.

Hakuna kelele wala damu, na kwa maoni yangu hakuna sekunde ya kutisha zaidi katika kazi zote za Hitchcock, hata ile ya bafuni kwenye Psycho. Kwa karibu saa moja na nusu tumefurahia haki ya kutazama bila kutazamwa. Haki hiyo imefutwa mara moja. Baada ya hapo filamu inakwenda haraka: Lisa kapelekwa polisi, Stella kaenda kumwekea dhamana, simu inalia. Jeff anaipokea, anadhani ni Doyle, anaropoka habari zote. Upande wa pili kimya. Halafu laini inakatwa. Kisha nyayo kwenye ngazi, na mwanga unaoonekana chini ya mlango unazimika.

Ndiyo maana ulinganifu uliozoeleka siku hizi, kwamba sisi sote wenye simu tumekuwa Jeff, naukubali nusu. Ni kweli tunachungulia maisha ya watu kutwa. Lakini anayeweka picha zake mtandaoni ameziweka zionekane, na anayezitazama yuko mbali, amejificha nyuma ya kioo. Ua wa Rear Window uko karibu zaidi na maisha ya nyumba ya kupanga, vyumba vinavyotazamana, choo kimoja, ambako unasikia ugomvi wa wenzako na asubuhi unawasalimia kana kwamba hukusikia. Hatari ya filamu inatokana na umbali huo maalumu: karibu kiasi cha kuona pete, mbali kiasi cha kutoweza kuokoa, na unaofikika kwa miguu ndani ya dakika chache. Thorwald hahitaji nywila. Anapanda ngazi.

Na anapoingia, jambo la kwanza analofanya ni kuuliza Jeff anataka nini kwake. Sauti ya Raymond Burr, anayemwigiza Thorwald, ni ya mtu aliyechoka, aliyechanganyikiwa. Jeff hana jibu. Hakutaka pesa, hakuwa polisi, hakumjua marehemu. Alitaka kuona tu. Hili limetayarishwa mapema na Stella, anayemwonya kwamba mchunguliaji hupata miezi sita, na pia na Lisa, ambaye Doyle anapoleta ushahidi kwamba mke yuko hai, anabaini kwa aibu kwamba yeye na Jeff wamehuzunika mtu kutouawa. Sisi nasi tulihuzunika. Tulilipa kiingilio ili mtu awe amekufa. Filamu haituachii tujisafishe kwa kusema kwamba haya yote ni makosa, maana kama Jeff asingechungulia, Thorwald angehama na maisha yake. Wala haituruhusu kusema alifanya vyema. Wachambuzi wengine huona hapo kivuli cha Seneta Joseph McCarthy, ambaye vikao vyake dhidi ya jeshi vilirushwa kwenye televisheni miezi michache kabla ya filamu kutoka, wakati Wamarekani wakihimizana kuchongeana. Inawezekana watazamaji wa kwanza waliingia ukumbini na harufu hiyo kwenye nguo zao. Lakini leo hatuhitaji kumjua McCarthy ili swali la Thorwald lituchome.

Kasoro zipo. Pambano la mwisho ni dhaifu: Jeff anajitetea kwa kumulika balbu za kamera machoni pa Thorwald, wazo zuri kabisa la mpiga picha, na skrini inajaa duara la rangi ya chungwa tukapewa macho ya muuaji; lakini kinachofuata kimepigwa kwa kasi ya bandia inayokaribia vichekesho, na anguko la Jeff kutoka dirishani linaonekana wazi kuwa hila ya studio. Doyle naye ameandikwa kwa uvivu, kazi yake ni kukosea hadi atakapohitajika kuwa sahihi. Na sijawahi kuridhika kwamba mtu anaweza kumkatakata mkewe kwenye fleti yenye kuta kama karatasi bila mtu kusikia zaidi ya kishindo kimoja. Kasoro hizi unazikumbuka filamu ikishaisha, jambo ambalo lenyewe ni sifa.

Safari yake sokoni nayo imechangia. Haki za filamu zilimrudia Hitchcock, na kwa miaka mingi hiyo na nyingine nne, Vertigo mojawapo, aliziondoa kwenye mzunguko. Alifariki mwaka 1980, na zilirudi kwenye majumba ya sinema kuanzia mwaka 1983, kwa kizazi kilichokuwa kimezisikia tu. Ndipo ugomvi wa hakimiliki ukafufuka. Woolrich alikuwa amefariki mwaka 1968, kabla ya wakati wa kuhuisha haki za hadithi yake. Wakala mmoja, Sheldon Abend, alizinunua kwa dola 650 pamoja na sehemu ya mapato, akawashtaki wamiliki wa filamu, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi. Hukumu ya Stewart dhidi ya Abend inasomwa na wanasheria wa hakimiliki hadi leo.

Walioiga ni wengi na wamefeli kwa namna inayofundisha. Mwaka 1998 ilitengenezwa upya kwa televisheni, Christopher Reeve, aliyekuwa amepooza kweli, akiwa mhusika mkuu; heshima ilikuwepo, taharuki haikutosha. Disturbia ya mwaka 2007 ilimweka kijana chini ya kifungo cha nyumbani na kifaa mguuni, na mwishoni ikamwachia atoke mbio na kushuka kwenye handaki la muuaji. Alipoanza kukimbia, ikawa filamu kama nyingine. Waliofaulu ni wale waliochukua swali na kuacha ua: Antonioni kwenye Blow-Up ya mwaka 1966, ambako mpiga picha anakuza picha hadi ukweli unageuka chembechembe, na Coppola kwenye The Conversation ya mwaka 1974, ambako sikio limechukua nafasi ya jicho.

Wapigakura wa jarida la Sight and Sound waliipa Vertigo nafasi ya kwanza kati ya filamu bora zote mwaka 2012, na wasomi wataendelea kuipendelea kwa sababu ina giza zaidi. Mimi naiweka Rear Window juu yake. Vertigo inanitaka nimhurumie mtu mgonjwa wa mapenzi. Rear Window inanitia hatiani mimi mwenyewe, tena nikiwa nacheka. Ina dakika 112. Ukiitafuta, mara ya kwanza mfuate Thorwald kama Jeff anavyomfuata. Ukiirudia, mwache Thorwald, na mtazame mwanamke wa fleti ya chini tangu chakula cha jioni anachomwandalia mgeni asiyekuwepo. Hadithi yake imekamilika, ina mwanzo na mwisho wake, na mara ya kwanza wengi wetu tuliiruka kwa sababu tulikuwa tunasubiri maiti.